Jina Ndani ya Kola

Kabla Fundi hajakupima, ulimtungia sindano. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda chake na hakuna aliyesamehewa. Siku moja nilimwona mama wa mtaa wa kitajiri wa Elgon View, aliyeacha gari lake kando ya barabara akaja na kitambaa cha harusi ya bintiye, amesimama mlangoni analamba ncha ya uzi, anakosa tundu, analamba tena. Fundi alikaa nyuma ya cherehani, miwani nyeusi usoni, akimngoja bila haraka yoyote. "Macho yangu ni ya kuombaomba, mama," alimwambia. "Nisaidie na yako." Mama yule alitunga sindano nne, akazichomeka kwenye kimto, akapimwa, akaahidiwa nguo Ijumaa. Ijumaa haikuwa tayari. Sisi majirani tungemwambia hivyo mapema kama angetuuliza.

Kibanda chake na stoo yangu ya viazi vilitenganishwa na bati moja, hapa mtaani Kapsoya, kwa miaka kumi na minne. Kupitia bati hilo nilisikia cherehani yake, redio yake na nyimbo zake za kanisani, naye alisikia jinsi nilivyowaapia wateja kwamba kila gunia limetoka Timboroa asubuhi hiyo hiyo. Kila mtu alimwita Fundi. Mimi pia sitamwita vingine hapa, kwa sababu jina hilo alilifanyia kazi, na yale mengine alipewa tu.

Wageni walimwogopa kidogo. Shingo na mikono yake ilikuwa na mabaka, mengine meusi kuliko ngozi, mengine meupe. Kucha zake zilikuwa zimepinda na kukwaruzika, na miwani hakuivua hata siku za mvua. Kwa hiyo watu walijitungia hadithi. Kuna waliosema mume wake alimmwagia mafuta ya moto. Kuna waliosema aliungua kanisani wakati wa kukesha, na bibi mmoja muuza mboga alishikilia kwamba ni mambo ya kwao, ya wake wenza. Fundi alizijua zote. Nilipomuuliza kwa nini hawaambii ukweli, alisema, "Wacha waongee. Mtu akija kuniangalia vizuri, anaacha na suruali ya kupunguza."

Hakuwa na machozi. Sisemi alikuwa na moyo mgumu. Nasema machozi yenyewe hayakutoka. Macho yake yalikauka kama kisima cha Januari, na kila baada ya muda alichomoa chupa ndogo mfukoni, akainua uso, akaipenyeza chini ya miwani, akadondosha tone moja huku na moja kule. Aliyaita machozi ya dukani. Mumewe alipofariki tulisafiri naye hadi kwao kwa mazishi, na pale, mbele ya wanawake waliokuwa wakijitupa chini, yeye alisimama macho makavu. Nilisikia shemeji yake akinong'ona kwamba huyu alikuwa anangoja siku hii. Fundi alisikia pia. Jioni, tukiosha vyombo, aliniambia kwamba alikuwa na chupa mfukoni wakati ule, na alifikiria kuitumia ili wanyamaze, kisha akaona haya kumlilia mume wake kwa machozi ya kununua.

Nampenda kwa hilo hadi leo.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Katika kazi alikuwa mwongo wa kawaida, kama mafundi wote. Kesho yake ilikuwa na siku kumi. Mwezi wa Januari, wazazi wakifuata yunifomu, alijificha stoo kwangu nyuma ya magunia, nami nikalazimika kuwaambia watu wazima kwamba ameenda kununua vifungo. Lakini mtu huyohuyo, saa mbili ya usiku redio ikianza taarifa ya habari, alikuwa na kidonge mkononi na kikombe cha maji. Sikumbuki siku aliyochelewa. Nilipomtania kwamba laiti angeshona kwa saa hiyo ya vidonge, alijibu kwamba nguo ikichelewa mtu anakasirika, dawa ikichelewa mtu anaanguka kwenye jiko.

Alisema hivyo waziwazi, "anaanguka". Tena alisema kifafa kwa jina lake, mbele ya wateja, kama mtu anavyosema mafua. Mimi natoka upande wa ziwa, na kwetu neno hilo hulisemi mbele ya mtoto. Unasema ule ugonjwa, na unateremsha sauti. Nilimwona mchungaji mmoja kijana akimshauri aache vidonge, atumie imani peke yake. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akamwambia, "Mchungaji, wewe umevaa miwani. Anza wewe kuitupa, halafu na mimi nitatupa tawa." Mchungaji alicheka, akashonewa koti, akangoja wiki tatu.

Tawa ni dawa. Fundi alikuwa Mbukusu, na herufi zake zilitoka zimebadilishana nguo: d ikawa t, b ikawa p, z ikawa s. Mimi sh inanishinda, kwa hiyo tulikuwa tukitaniana kutwa nzima kupitia bati. Yeye alitaka niseme shamba la shangazi, mimi nilitaka aseme bibi amebeba ndizi. Wateja wa Kinandi walisimama kutusikiliza bure. Nalitaja hili kwa sababu baadaye herufi hizo zilikuja kuwa na kazi.

Habari ya ngozi yake aliniambia siku moja tu, tukimenya viazi. Alianza kuanguka akiwa ameolewa mwaka mmoja. Alipelekwa hospitali akapewa vidonge, na kuanguka kukapungua. Wiki ya pili akapata homa, koo likauma, macho yakawa mekundu, kisha vipele vikatoka kifuani. Wazee wa boma wakatazama, wakasema surua. Na surua kwao, kama ilivyo kwetu, ni ya kufungiwa ndani: dirisha linazibwa, mgonjwa haogeshwi, hatolewi nje mpaka vipele viishe. Akafungiwa. Midomo ikapasuka, mdomo ukajaa vidonda, ngozi ya mgongo ikaanza kutoka yenyewe. "Namna hii," aliniambia, akachukua kiazi kilichochemshwa, akakisukuma kwa kidole gumba, ganda likateleza lote.

"Na vidonge?" niliuliza.

"Nilikuwa namezeshwa. Mama mkwe alikuwa anavisaga kwa uji kwa sababu siwezi kumeza. Asubuhi na jioni. Alinipenda sana yule mama."

Siku ya sita kaka yake alifika, akamtoa kwa nguvu, akambeba hadi hospitali. Huko ndiko walikomwambia kwamba ni ile dawa iliyokuwa ikimchuna, na kila kijiko cha uji kilikuwa kinaongeza. Alikaa miezi. Alitoka hai, ila machozi hayakurudi. Na mama mkwe? Fundi alimshonea nguo kila Krismasi mpaka alipokufa, na hizo, nasikia, zilikuwa tayari kwa siku yake. "Sasa ningemlaumu nini?" alisema. "Aliyenimezesha ndiye aliyekuwa anataka nipone kuliko wote."

Alikuwa pia mwangalifu kutoitukana dawa yenyewe. Alisema inawasaidia wengi, na kwamba yeye na hiyo hawapatani tu, kama watu wawili wasioweza kukaa plot moja. Daktari alimwandikia kwenye kitabu cha hospitali asipewe tena, wala zile za ukoo wake. Lakini kitabu cha hospitali ni daftari la mtoto wa shule. Kinajaa, unanunua kingine, kinalowa, panya wanakila. Na mwenye kifafa akianguka sokoni, akiamka mkoba haupo. Fundi akawaza kifundi. Kitu ambacho hakuna mtu atakuibia ukiwa umelala chini, alisema, ni nguo uliyovaa. Kwa hiyo ndani ya kola ya kila gauni lake, pale watu wa viwandani wanapoweka lebo, alitarizi kwa uzi mwekundu: KAPAMASEPIN NA NDUGU SAKE. HAPANA.

Aliandika kama alivyosikia, na alivyosikia ndivyo alivyosema.

Sasa nifike kwangu, ingawa ningependa kuendelea kusimulia ya watu wengine. Binti yangu Adhiambo alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na tatu. Mara ya kwanza niliwaambia watu ni malaria imepanda kichwani. Mara ya pili nilisema hakula. Nilimpeleka kliniki ya mbali ili nisionekane, akapewa vidonge, nikavitia kwenye mkebe wa vitamini. Fundi, mtu pekee Kapsoya nzima ambaye angenielewa, sikumwambia. Mtanishangaa. Lakini yeye alikuwa ameshaolewa ugonjwa ulipomjia. Wangu alikuwa msichana mdogo, na nilijua watu wanavyosema juu ya posa katika nyumba yenye ule ugonjwa.

Siku ya kumi na mbili ya vidonge hivyo mtoto akaamka na homa na macho mekundu. Kesho yake vipele. Bibi muuza mboga akaingia, akasema surua, funga pazia. Nami nikafunga. Nilikuwa nimeshasikia habari ya kiazi kwa masikio yangu mawili, na bado nilifunga pazia, kwa sababu kukubali kwamba ni dawa kulikuwa ni kukubali kwamba kuna dawa. Ule usemi wa mficha ugonjwa na kifo kinachomuumbua nilifundishwa shuleni, nikapata alama zote.

Fundi alikuja kuuliza kwa nini stoo haijafunguliwa. Aliingia chumbani bila hodi, akafungua pazia, akasukuma miwani hadi kwenye paji la uso, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwona akifanya kwenye mwanga. "Fungua mdomo, mama," alimwambia mtoto. Kisha akanigeukia.

"Ameanza tawa gani?"

"Hakuna. Vitamini tu."

"Mama Adhiambo, mimi si mchungaji. Nipee huo mkebe."

Nilimpa. Alivimwaga vidonge kwenye kiganja, akavigusa kwa kidole. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hii hatameza tena. Na hatutupi, tunaenda nayo hospitali, wampatie ingine, asikae bila. Vaa viatu." Akasimamisha bodaboda mbili.

Hospitalini tulimpata daktari kijana, mchovu. Aliuliza mtoto anatumia dawa gani, nami, Mungu anisamehe, nikaangalia chini. Fundi akainama mbele yake kama mtu anayetaka kunyolewa, akapindua kola. Daktari akasoma kwa macho, akakunja uso. "Mama, hii ni dawa ya kienyeji?"

"Soma kwa sauti, daktari."

"Ka-pa-ma-se-pin," akasoma, na alikuwa karibu kucheka. Kisha akachukua karatasi iliyokuwa ndani ya mkebe wangu, ile ya kliniki, iliyoandikwa karbamazepini. Hakucheka tena. Aliita muuguzi, na Adhiambo akalazwa saa hiyohiyo.

Alikaa wodini wiki tatu. Ngozi ilimtoka kifuani na mabegani, si mgongo mzima. Macho waliyawahi kabla hayajaharibika. Kila asubuhi Fundi alimletea uji, na nilipotaka kumwekea mtoto kijiko mdomoni Fundi alitazama pembeni. Daktari yule alituelezea kwamba hata fenitoini na fenobabitoni asiguswe nazo, na Fundi akamwambia, "Ndio hao ndugu." Mtoto akaanzishiwa dawa ya ukoo mwingine, na akapona. Leo ana mabaka machache shingoni, na analia vizuri sana, hasa akinyimwa simu.

Ungetegemea kwamba hapo nilijifunza. Adhiambo alipoitwa shule ya bweni, Fundi alimshonea yunifomu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliimaliza siku tatu kabla. Ndani ya kola ya kila blauzi, uzi mwekundu. Nilimshukuru. Nikaenda nyumbani, nikawaza mabweni, wasichana arobaini wakivuliana na kuazimana blauzi, wakiuliza hii ni nini imeandikwa. Nikachukua wembe, nikafumua herufi moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimeshikwa vizuri, ilinichukua jioni nzima. Kwenye fomu ya shule, pale panapouliza ugonjwa wowote, niliandika: hakuna. Dawa zake nilizirudisha kwenye mkebe wa vitamini.

Likizo ya kwanza mtoto alirudi amerefuka. Nilipeleka yunifomu kwa Fundi aongeze pindo la sketi na kubadilisha vifungo vya blauzi. Alizipokea, akasema kesho, akazitoa baada ya siku nane. Hakuniambia lolote.

Muhula wa pili, siku ya Alhamisi, nilikuwa Timboroa kununua viazi. Kule kuna baridi na ukungu, na simu inashika inapotaka. Nilipoteremka hadi penye mtandao nilikuta simu kumi na moja za shule. Adhiambo, aliyekuwa akiruka vidonge ili wenzake wasimwone, alianguka darasani, akaanguka tena kabla hajaamka, na akapelekwa zahanati ya karibu. Nilipofika alikuwa amelala, anapumua vizuri. Matroni alinipeleka pembeni.

"Mama, huyu mtoto ana nini hasa? Kwa fomu uliandika hakuna."

"Ana kifafa," nilisema. Ndiyo mara ya kwanza niliyolitamka mbele ya mtu.

Alinieleza. Pale zahanati mtoto alizinduka kidogo, akaanguka tena, na daktari wa zahanati alikuwa ameshavuta fenobabitoni kwenye sindano. Matroni alikuwa anamvua sketi, kwa sababu ilikuwa imelowa, na mkono wake ukasikia kitu kigumu kwenye pindo. Alidhani ni pesa amefichiwa na mama. Akapindua, akaona uzi mwekundu, akajaribu kuusoma, hakuelewa. Akausoma kwa sauti ili daktari amsaidie. Sindano ikarudi kwenye trei, na wakatumia nyingine.

Nilishika pindo lile. Maneno yalikuwa yale yale, lakini herufi zilikuwa kubwa kuliko za kola, zimepinda, kazi ya mtu asiyeona vizuri tena. Mimi sikuwa nimeziweka hapo.

Wiki tatu sikuingia kwa Fundi. Tulitenganishwa na bati moja na nilikuwa napita nyuma kama mdaiwa. Yeye aliendelea kuimba. Kisha nikasikia anafunga kibanda, macho yamefika mwisho, kaka yake anakuja kumchukua arudi kwao Jumamosi. Siku ya Ijumaa nilivaa leso safi nikaingia.

Cherehani ilikuwa imefungwa kwa gunia. Kwenye kimto hapakuwa na sindano hata moja. Alinitambua kwa mlio wa miguu.

"Karibu, mtu wa viazi. Ulikuwa umeenda Ulaya?"

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka, lakini niliyasema moja kwa moja. "Fundi, zile herufi za kola nilizifumua."

"Najua."

"Ulijuaje na huoni?"

"Uzi ukitoka unaacha tundu. Nilikuwa natafuta kifungo nikapapasa kola. Nikasema, ah." "Sikutaka kukwambia. Ungefumua na ingine. Nikaweka chini, penye mama hapapasi."

"Wangemchoma ile sindano. Ningekuwa nimemuua mtoto wangu, Fundi."

"Ulikuwa unataka aolewe vizuri. Mama mkwe wangu na yeye alikuwa anataka nipone." Alisema hayo bila ukali, kama anavyotaja kipimo cha kiuno. "Kupenda si kitu kipaya. Ni kuficha ndio kunasaga tawa kwa uji."

Nilimwambia nimeandika fomu upya, nimemwambia matroni, nimemwambia hata bibi wa mboga. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoa chupa yake mfukoni, akanipa. Siku hizo hakulenga tena vizuri, matone yalikuwa yanaishia kwenye nyusi. Alivua miwani, akainua uso, nami nikaona macho yale kwa karibu, mekundu, na ukungu mweupe umeyafunika. Nikadondosha moja huku na moja kule. Nikazidisha, na maji yakateremka mashavuni mwake hadi kidevuni. Miaka kumi na minne nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, na mimi nikashindwa kujizuia.

"Usidhani nalia," alisema, uso bado umeelekea juu. "Hayo ni ya dukani. Lia wewe, yako ni ya bure."